Nyanya za Kwenye Ndoo: Namna ya Kuzitafutia Jua, Kulipima na Kulipunguza

Ikifika Julai huanza kupokea picha zinazofanana kama mapacha. Mche umerefuka hadi usawa wa dirisha, majani yamejaa, maua mawili matatu yametoka yakapukutika, na nyanya hakuna. Anayeuliza huwa ameshaongeza mbolea mara mbili. Wengine wameshapiga na dawa. Nikiomba picha ya pili, ya mahali ndoo ilipo, jibu huonekana kabla hata ya kuutazama mmea: ndoo iko kivulini, na mwenyewe anaapa kwamba "hapa pana mwanga mzuri tu".

Mwanga mzuri wa kusomea gazeti haumtoshi mnyanya. Mwongozo huu unahusu jua peke yake. Wadudu, magonjwa na mbolea nitavigusa pale tu vinapochanganywa na shida ya jua. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam ninakoishi, na ya Nairobi pale ambapo mambo yanageuka.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kupanda

- Ndoo ya lita 20 yenye matundu chini, moja kwa kila mche. Ukiweza kupata nyeupe au ya rangi ya maziwa, achana na nyeusi.
- Udongo: mafungu 2 ya udongo wa juu, fungu 1 la samadi iliyooza vizuri, fungu 1 la pumba za mpunga au vumbi la makumbi ya nazi.
- Daftari, kalamu na chaki.
- Simu yenye dira.
- Kreti la soda, matofali au kigoda imara cha kuinulia ndoo.
- Gunia au salfeti nyeupe ya kuizungushia ndoo.
- Neti ya kivuli ya asilimia 30, yaani inayozuia asilimia 30 ya mwanga. Ukiikosa, kanga kuukuu iliyofifia inafanya kazi vizuri.
- Kipande cha ubao au bati kilichopakwa rangi nyeupe.
- Fito na kamba za kuegemezea.

Miche usiinunue bado. Watu wengi huanza na miche, kisha ndipo waitafutie mahali pa kukaa. Anza na mahali.

## Hatua ya 1: Jua nyumba yako inatazama wapi, na mwezi huu jua linapita upande gani

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na mimi nilianguka. Mwaka wa kwanza nilifuata video ya mtu wa Ulaya aliyesisitiza roshani inayotazama kusini. Yangu inatazama kusini, nikaona nimebahatika. Nikapanda ndoo 6 mwezi Mei. Kufikia Agosti sikuwa nimevuna hata nyanya moja ya kuwekea kachumbari.

Yule wa video hakudanganya. Kwao Ulaya jua la mchana hupita upande wa kusini mwaka mzima. Kwetu jua linahama. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu Oktoba 10 jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Baada ya hapo, hadi Machi tena, liko upande wa kusini. Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, zamu hizo hubadilika katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba.

Maana yake kwa mwenye roshani ni hii:

Inayotazama kusini: kuanzia mwishoni mwa Machi hadi karibu Septemba 23, jua la moja kwa moja haliugusi kabisa ukuta wako. Si kwamba linagusa kidogo. Haliugusi. Ndiyo maana ndoo zangu 6 ziliishia majani.

Inayotazama kaskazini: wakati huohuo wewe unakula jua. Ila kwa Dar, kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, zamu ya kukaa gizani inakuwa yako.

Inayotazama mashariki au magharibi: unapata jua la nusu siku mwaka mzima, asubuhi au alasiri. Kwa pwani, mashariki ni bora. Umande hukauka mapema, jambo linalopunguza ugonjwa wa bakajani, na jua la asubuhi lina ukali wa wastani. Nairobi mwezi Juni na Julai nisingesema hivyo, kwa sababu mawingu ya asubuhi huchelewa kuondoka na mara nyingi jua hujitokeza mchana. Hapo mwenye magharibi ndiye mwenye nafuu.

Simama mlangoni, uso ukiangalia nje, fungua dira ya simu, andika upande kwenye daftari. Sogea mbali na nondo za dirisha unapopima, chuma huipotosha dira.

Umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Roshani yangu inatazama fulani, kwa hiyo miezi yangu ya jua ni kuanzia huu hadi ule." Wenye uwanja wazi au paa la zege wanaweza kuruka hatua hii. Wao tatizo lao ni jua kuzidi, nalo linakuja mbele.

## Hatua ya 2: Pima jua kwa saa, usikisie

Dira inakupa matumaini. Jengo la jirani, mwembe na ukuta wa fensi ndivyo vinavyoamua.

Chagua siku isiyo na mawingu. Simamisha kalamu au kijiti mahali hasa unapokusudia kuweka ndoo, tena kwa urefu ambao majani yatakuwepo, si sakafuni. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, kila baada ya saa moja, tazama kivuli cha kijiti:

- Kivuli cheusi chenye kingo zinazoonekana wazi: andika 1.
- Kivuli hafifu, kingo zimetawanyika, au jua linachungulia kati ya matawi: andika nusu.
- Hakuna kivuli: andika 0.

Jumlisha. Huo ndio muda wako wa jua. (Ninaposema "saa 6 za jua" humu ndani nazungumzia muda, si adhuhuri.)

Ukishinda kazini, mwombe aliyebaki nyumbani akutumie picha ya kijiti kila saa. Au pima asubuhi Jumamosi na alasiri Jumapili, ujumlishe.

Sababu ya kusumbuka hivi ni kwamba jicho la binadamu ni mwongo mkubwa wa mwanga. Juani pale mchana mwanga hufika karibu laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga). Kivulini, mahali panapoonekana peupe kabisa, unaweza kubaki na sehemu ya kumi ya huo. Ndani ya chumba, hatua chache kutoka dirishani, ni mamia tu. Mboni ya jicho hujirekebisha, usione tofauti. Jani halina mboni.

Tahadhari mbili. Kwanza, wavu wa mbu wa dirishani hupunguza mwanga, na vumbi likishauganda hupunguza zaidi. Pili, kipimo cha Februari hakifai kwa Juni. Rudia kila baada ya miezi mitatu hivi.

## Hatua ya 3: Linganisha hesabu yako na aina ya nyanya

Saa 8 na kuendelea: panda unachotaka, hata nyanya ndefu kama Anna F1 au Moneymaker. Jiandae kwa hatua ya 7 na ya 8.

Saa 6 hadi 8: hapa ndipo penyewe. Nyanya fupi kama Cal J, Rio Grande au Roma hukaa vizuri kwenye ndoo na hazihitaji fito ndefu.

Saa 4 hadi 5: panda nyanya cheri tu. Tunda dogo halidai sukari nyingi kulijaza, kwa hiyo mmea wenye jua pungufu bado unaweza kulimaliza. Mavuno yatakuwa haba na yatachelewa.

Chini ya saa 4: usipande nyanya. Najua unazitaka. Panda matembele, mnanaa au mchicha, nyanya ununue gengeni. Hakuna mbolea inayoziba pengo la jua. Na ukiongeza mbolea ya yurea kivulini ndiyo kabisa: unaupa mmea chakula cha majani wakati tatizo lake ni kukosa nguvu ya kutengeneza tunda.

## Hatua ya 4: Panga tarehe ili maua yakutane na jua na ubaridi

Mche hukaa kitaluni wiki 4 hivi, kisha hutoa maua wiki 3 hadi 5 baada ya kuhamishwa. Hesabu kurudi nyuma kutoka mwezi unaotaka maua.

Kwa Dar es Salaam lengo langu ni maua ya Juni na Julai. Usiku ukibaki na joto la nyuzi 24, au mchana ukizidi nyuzi 32 siku mfululizo, chavua hudhoofika na maua hudondoka hata kama jua limejaa tele. Januari na Februari za Dar ndivyo zilivyo. Kwa hiyo sia mbegu katikati ya Aprili, mvua za masika zikiendelea, hamisha katikati ya Mei. Kipupwe kikiingia, maua yanafunguka.

Utaona sasa kwamba mwenye roshani ya kusini hapa Dar ana mkosi mara mbili: miezi ya baridi hana jua, na miezi yenye jua ina joto la kuangusha maua. Mimi nimeacha kabisa kupanda nyanya kubwa kwenye roshani yangu. Nyanya cheri huvumilia joto zaidi, hizo najaribu Oktoba. Ndoo nyingine zipo juu ya paa, kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

Nairobi mambo ni kinyume. Desemba hadi Februari jua liko kusini, anga ni jeupe, mchana ni wa joto la wastani na usiku kuna ubaridi. Roshani ya kusini iliyonichezea mimi Dar, Nairobi ingekuwa dhahabu: sia Oktoba, hamisha Novemba.

## Hatua ya 5: Zoesha miche jua kwa siku 7

Mche uliokulia chini ya neti ya kitalu ukiuanika ghafla kwenye jua la utosini utaungua. Majani hupata mabaka meupe kama karatasi ndani ya siku moja au mbili, na watu hudhani ni ugonjwa.

Siku ya 1 na 2 upe jua la asubuhi pekee, saa 1 hadi saa 3. Siku ya 3 na 4 hadi saa 5. Siku ya 5 na 6 hadi saa 8 mchana. Siku ya 7 uache kutwa. Hamishia kwenye ndoo jioni, zika shina hadi karibu na majani ya kwanza halisi, mwagilia.

Umefanikiwa kama majani mapya yanatoka mazito kidogo, ya kijani iliyokolea, na shina lina unene wa penseli baada ya wiki mbili tatu.

## Hatua ya 6: Inua, sogeza, zungusha

Hatua hii haigharimu kitu na ndiyo iliyookoa ndoo nyingi kuliko nyingine zote.

Inua. Roshani nyingi zina ukuta wa mbele wa zege, karibu mita 1. Ndoo ikikaa sakafuni nyuma yake, iko shimoni. Chukua roshani ya kaskazini hapa Dar mwezi Juni: adhuhuri jua liko nyuzi 60 juu, na ukuta wa mita 1 hutupa kivuli cha karibu sentimita 60 nyuma yake, yaani palepale unapoweka ndoo. Ipandishe juu ya kreti mpaka mche uchomoze juu ya ukuta.

Sogeza mbele, lakini usitundike nje. Dari ya roshani ya juu yako nayo ni kofia. Jua likiwa juu zaidi, kama Desemba kwa roshani ya kusini, huingia kwenye ukanda mwembamba tu ukingoni. Hatua moja nyuma unakuta kivuli. Ila ndoo iliyolowa hupita kilo 20, na chini kuna watu. Iweke ndani ya ukuta, ifunge kwa kamba kwenye nondo, na kamwe usiisimamishe juu ya ukingo.

Zungusha. Mmea ulio mbele ya ukuta hupata jua upande mmoja, ukajipinda kama mtu anayechungulia mtaani. Geuza ndoo nusu mzunguko kila baada ya siku 3 au 4. Matunda yakishakuwa makubwa acha kuzungusha: tunda lililozoea kivuli likigeuzwa ghafla juani huungua.

Rudisha mwanga. Simamisha ule ubao mweupe nyuma ya mmea. Unaurudishia majani ya ndani mwanga ambao ungepotea ukutani. Ukuta wenyewe ukiwa mweupe, huhitaji ubao. Kioo cha kujitazamia usitumie, hurudisha miali mikali ya jua inayoweza kuchoma majani.

## Hatua ya 7: Lipe jani jua, ifiche ndoo

Mmea wa shambani mizizi yake iko ardhini penye ubaridi. Wa ndoo mizizi imebanana kwenye plastiki inayopigwa jua pembeni, na ndoo nyeusi juu ya zege huchemka. Mizizi iliyopata joto kali hushindwa kunyonya maji hata kama udongo umelowa.

Izungushie ndoo gunia au salfeti nyeupe, hasa upande wa magharibi. Iweke juu ya matofali, isikae moja kwa moja kwenye zege. Tandaza nyasi kavu au makumbi juu ya udongo, unene wa vidole viwili vitatu.

Kipimo ni cha mkono: saa 9 alasiri shika ubavu wa ndoo. Ukiweza kuushikilia bila kutaka kuutoa mkono, mizizi iko salama.

Mwagilia asubuhi mapema, mpaka maji yatoke chini. Mmea mkubwa kwenye jua kali unaweza kumaliza lita 2 hadi 3 kwa siku. Kumwagilia leo ndoo nzima na kesho kusahau ndiko kunakoleta kuoza kitako, lile doa jeusi la chini ya tunda. Jua hulaumiwa, ila mkosaji ni ratiba ya maji: kalsiamu husafiri na maji, yakikatika nayo haifiki.

## Hatua ya 8: Punguza jua pale tu linapozidi

Kwa wenye paa, uwanja wazi na roshani za magharibi. Tanda neti au kanga kati ya saa 6 mchana na saa 10 alasiri, siku za joto kali pekee, sentimita 50 hivi juu ya mmea ili hewa ipite. Asubuhi iondoe. Neti nzito ya asilimia 70 wanayofunika nayo magari itakurudisha kule kwenye majani matupu.

Usipogolee kupita kiasi. Kuna mtindo wa kunyonyoa majani "ili nyanya zipate jua". Tunda halihitaji jua, linalohitaji jua ni jani. Ondoa majani ya chini yanayogusa udongo na yaliyougua, basi. Kwa nyanya fupi hata machipukizi ya kwapani yaache. Tunda lililovuliwa majani hupata baka jeupe au la manjano upande wa jua, likawa laini kisha likaoza.

## Hatua ya 9: Usome mmea kila Jumapili

Pingili ndefu, shina jembamba, mmea unainama upande mmoja: jua halitoshi. Rudi hatua ya 6.

Majani mengi yaliyokolea, maua hakuna: kivuli, au naitrojeni (chakula cha majani kilicho kwenye mbolea) nyingi, au vyote. Simamisha mbolea wiki 3, ongeza jua.

Maua yanatoka na kudondoka, jua lipo: joto, au hayatikiswi. Ghorofani upepo ukizuiwa na kuta, chavua haimwagiki. Gonga kikonyo cha ua kwa kidole kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, kila baada ya siku mbili.

Majani yanalegea saa 8 mchana, jioni yamesimama: kawaida siku ya joto. Yakiwa bado yamelegea alfajiri, chunguza maji na mizizi.

Majani yamejikunja kuelekea juu kama bomba, kijani yake nzuri: mmea unajikinga na joto. Uache.

Mabega ya tunda yanabaki manjano wakati chini kumeiva: tunda limepata joto sana. Rangi nyekundu hushindwa kujitengeneza vizuri joto likipita nyuzi 30 hivi.

Kwa dalili hii ya mwisho dawa ni kuvuna mapema. Tunda likianza kubadilika rangi kitakoni, likate pamoja na kikonyo chake, liweke jikoni kwenye ungo mbali na dirisha. Halitakosa utamu kwa kukosa jua, maana limeshapata lake kupitia majani. Baada ya siku 4 hadi 6 litakuwa jekundu pande zote.